Chumba Kisicho na Dirisha



Wapendwa waamini, tangu turejee kutoka safari ya Bahari ya Kati, kila baada ya Misa tunaulizwa swali lile lile, nalo halihusu Roma wala Malta. Mnataka kujua habari za meli. Je, ni kweli kwamba ni hoteli iliyowekwa juu ya maji? Chumba chake kina ukubwa gani? Na zile fedha zilizolipwa, zililingana na kilichopatikana? Mama mmoja alitueleza waziwazi sababu ya kuuliza: watoto wake wawili walioko ughaibuni wanataka kumpeleka safari ya namna hiyo, naye hajui akubali au awaombe wamwezekee nyumba kwa bati jipya. Swali lake ni la haki kabisa. Basi masomo ya Dominika tutayaachia homilia, na juma hili hapa tuandike juu ya vyumba vya kulala.

Tulikuwa wanne. Mzee na Mama mnawafahamu, kwa kuwa tuliadhimisha pamoja nao miaka 50 ya ndoa yao. Watoto wao watano walichanga, lakini mzigo mkubwa aliubeba binti yao wa kwanza, muuguzi nchini Ujerumani, ambaye kwa miezi kadhaa alijiandikisha kwa zamu za usiku ambazo wenzake hawakuzitaka. Yeye ndiye aliyeichagua meli, na ndiye aliyekataa wazazi wake wasafiri peke yao. Hivyo katekista wetu na huyu anayewaandikia, aliyewahi kusoma Roma na anayekijua Kiitaliano cha kuombea maji, tukaalikwa kuwasindikiza. Wazee walinunuliwa chumba chenye roshani inayotazama bahari. Sisi wawili tulinunuliwa chumba cha ndani, kisicho na hata tundu la kupitisha mwanga wa jua.

Bei tuzitaje, maana ndizo mnazozitaka. Chumba cha roshani kilikuwa euro 1,090 kwa kila mtu kwa muda wa usiku saba, na cha ndani euro 690. Tofauti yake kwa watu wawili ni euro 800, yaani zaidi kidogo ya euro 114 kwa kila usiku, kwa ajili ya mlango wa kioo na mahali pa kuweka viti viwili. Na lazima mjue kwamba bei hizo hutangazwa kwa kukadiria kuwa chumba kina watu wawili. Anayesafiri peke yake hutozwa nyongeza, na aghalabu hukaribia kulipa nauli za watu wawili, kwa sababu kampuni haikubali kitanda kilale bure. Mapadre, wajane na waseja wote tunaadhibiwa kwa hesabu hiyo, na kama si katekista kukubali kuvumilia mkoromo wa mwenzake, gharama ingekuwa nyingine.

Ndani ya nauli mmo chakula, maji ya mezani, muziki wa jioni na kusafirishwa kutoka bandari hadi bandari. Hamna soda, hamna intaneti, hamna matembezi ya nchi kavu, wala hamna ada ya huduma, ambayo kwetu ilikuwa euro 12 kwa kila mtu kwa siku. Huo ndio ufunguo wa biashara yenyewe. Nauli humwingiza abiria melini. Faida hutafutwa kwake akiwa ameshaingia, maana kati ya bandari na bandari hakuna duka jingine. Ndiyo maana kampuni huona afadhali kuuza chumba kwa bei ya chini kuliko kung'oa nanga chumba kikiwa kitupu. Na ndiyo maana vyumba vya ndani vipo. Meli yetu ilikuwa na urefu unaozidi mita 300 na ilibeba abiria zaidi ya 2,800. Ubavu wake hautoshi kumpa kila mmoja dirisha, na lile tumbo la katikati lazima litumike.

Tulipoingia mara ya kwanza, Mama hakutazama bahari wala kitanda. Aliuliza: "Maboya yako wapi?" Nasi watu wa maziwa tunajua swali hilo linatoka wapi. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walipotea, na hakuna kijiji cha ufukweni ambacho hakikupokea habari ile kama msiba wake. Majaketi yalikuwamo kabatini, manne, akayahesabu mara mbili. Kisha tukaitwa kwenye zoezi la kujiokoa kabla ya meli kuondoka. Wapo abiria walionung'unika kwamba zoezi linawachelewesha kwenda kuogelea. Pengine hawakukumbuka kwamba meli ya Costa Concordia iliondoka katika bandari hiyo hiyo ya Civitavecchia jioni ya tarehe 13 Januari 2012, na saa chache baadaye ikagonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, watu 32 wakafa, huku mamia ya waliopanda siku hiyo wakiwa hawajaonyeshwa bado hata mahali pa kukusanyikia. Tangu mwaka 2015 sheria ya kimataifa inataka zoezi lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Mama alilifanya kwa uangalifu kuliko sisi wote.

Sasa vyumba vyenyewe. Chetu kilikuwa na mita za mraba 15 hivi: vitanda viwili, kabati, meza nyembamba, kioo kikubwa cha kukidanganya chumba kionekane kipana, na bafu ambalo mtu mnene hugeukia mlangoni. Kuta ni za bati la chuma lililopakwa rangi ya maziwa. Katekista aligundua kwamba sumaku hushika popote, akaibandika picha ya Mama Bikira Maria juu ya kitanda chake. Choo hunyonya maji kwa nguvu ya hewa na kutoa mlio wa ghafla kama gurudumu la lori linapopasuka, jambo lililomfanya Mzee akatae kabisa kukitumia usiku wa kwanza. Mlango wa bafu una kizingiti kirefu cha kuzuia maji yasitoke. Kwa Mzee, ambaye goti lake mnalijua, kizingiti hicho kilikuwa mlima. Meli za namna hii huwa na vyumba vichache vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, vyenye milango mipana na bafu lisilo na kizingiti, ila lazima viombwe mapema, maana huisha upesi. Anayewakatia wazee tiketi aanzie hapo, kabla ya kuuliza habari za roshani.

Kimoja tu kilikuwa kigeni kwetu: giza. Ukizima taa katika chumba cha ndani, hujui kama ni saa sita za usiku au saa sita za mchana. Asubuhi ya kwanza tulisali Masifu ya Asubuhi tukidhani kumepambazuka, na ilikuwa saa tisa usiku.

Karibu na ngazi kuu kulikuwa na bamba dogo linaloeleza mahali meli ilipojengwa: Papenburg, Ujerumani. Jina hilo lilitusimamisha, na lilimsimamisha Mama zaidi, kwa kuwa watu wa Kigoma wamelisikia tangu utotoni. Karakana ya Meyer Werft ya Papenburg, iliyoanzishwa mwaka 1795, ndiyo iliyoijenga meli ya Graf von Götzen mwaka 1913. Wakaifungua vipande vipande, wakaipakia katika masanduku takribani 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa kwa reli hadi Kigoma, ikaundwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Karakana hiyo hiyo leo huunda majumba haya yanayoelea. Vyumba vyake hutengenezwa kiwandani kimoja kimoja, bafu na taa zikiwa tayari, kisha husukumizwa ndani ya meli kama mtoto wa meza.

Mama aliolewa mwaka 1975, akapanda Liemba kutoka Kasanga, kusini mwa ziwa, hadi Kigoma kwa mumewe. Alisafiri daraja la tatu, pamoja na magunia. "Daraja la kwanza lilikuwa juu," alituambia, "lina vitanda na dirisha la kufungua. Sisi tulikuwa chini. Lakini Padre, nililala." Wakati huo hatukulielewa neno hilo la mwisho.

Siku ya tatu tulilielewa. Katekista, ambaye macho yake hayapitwi na mengi, aliona kwamba Mama anasinzia mezani mchana, kijiko kikiwa mkononi. Akamuuliza kwa upole. Mama akasema ni uzee. Jioni, tulipokuwa tukitoka Napoli kuelekea Malta, upepo ulianza kuvuma na meli ikaanza kwenda mrama, na hapo ndipo Mzee aliposema ukweli ambao mkewe alimkataza kuusema: kwamba Mama hajalala tangu tupande, kwamba usiku hukaa kitini na kusali rozari mpaka kupambazuke.

Sababu ilikuwa chumba chenyewe. Kilikuwa sitaha ya juu kabisa ya vyumba vya abiria, tena upande wa omo, mbele. Juu yake kulikuwa na uwanja wa kuogelea, na kila siku saa kumi na moja alfajiri wafanyakazi waliburuta viti vya kuotea jua kuvipanga mstari. Usiku, mpaka saa saba, ngoma za wanaocheza dansi zilishuka kupitia dari. Na pale mbele ndipo meli inapoinuka na kushuka zaidi. Meli hizi zina mapezi ya chuma yanayotokezwa ubavuni chini ya maji ili kuizuia isilale huku na huku, lakini mapezi hayazuii pua kupanda na kushuka juu ya wimbi. Mtu aliye katikati, chini, karibu na mkuku, hupata nusu ya taabu, kama vile akaaye katikati ya pembea. Chumba chetu cha bei nafuu kilikuwa katikati, sitaha ya nne, juu na chini yake kukiwa na vyumba vingine vya watu waliolala. Aliyemuuzia yule binti chumba cha roshani alimwambia ni bora, akakiita cha juu, na neno "juu" likamtosha. Hakuna aliyemwonyesha ramani ya sitaha.

Mwanzoni Mama alikataa kubadilishana nasi. Alitusihi hata tusilitaje jambo hilo, kwa kuwa binti yake alipiga simu kila jioni kuuliza swali moja: "Mama analala vizuri?" Na kila jioni Mama alijibu kwamba analala kama mtoto. Tuliokuwa tumeketi karibu tulisikia, na tukanyamaza, na ukimya huo haukuwa mwepesi. Kumwambia muuguzi yule kwamba zamu zake za usiku zimemnunulia mama yake usiku usio na usingizi ni jambo gumu. Lakini mama wa miaka 70 na ushei, mwenye shinikizo la damu, hawezi kukesha siku saba kwa ajili ya adabu. Usiku ule wa upepo alitapika mara nne. Hatukujadiliana tena. Katekista alichukua mizigo yao, nasi tukachukua yetu, na saa tano usiku tukawa tumehama. Ofisi ya mapokezi ilibadilisha kadi za milango siku iliyofuata bila matata. Kuhusu ile tofauti ya euro 800 walitabasamu vizuri sana.

Mama alilala saa kumi na moja mfululizo. Tulikwisha kufunga gati Valletta, watu wakashuka, wakarudi, yeye bado amelala kwenye giza lile. Katekista alishuka mjini akarudi na mkate, akitukumbusha kwamba katika Matendo ya Mitume meli ya Paulo iliyovunjikia Malta ilikuwa na watu 276, na hakuna aliyeulizwa anataka roshani au hataki. Tulicheka, ingawa kwa sauti ya chini, maana tulikuwa tumesimama mlangoni pake.

Jioni simu ilipolia, Mama aliishika mwenyewe. "Mwanangu, tumehamia chumba cha Padre. Hakina dirisha. Nimelala." Upande wa pili kulikuwa kimya kwa muda. Kisha binti akauliza kwa sauti ndogo: "Na roshani je?" Mama akamjibu: "Baba yako yumo tangu alfajiri. Nenda kamtoe ukiweza."

Na ilikuwa kweli. Mzee amefanya kazi ya uvuvi miaka arobaini, na kama alivyosema mwenyewe, hajawahi kutazama maji bila kuwa na jambo la kuyafanyia. Kila siku baada ya kuswaki alipanda kwa lifti, akagonga mlango wetu, akakalia kiti cha roshani akiwa na kikombe cha chai, na alibaki pale mpaka chakula cha mchana. Kwake zile euro 114 za kila usiku zililipwa kihalali, na kwa mtu wa namna yake hatutathubutu kusema roshani ni anasa. Lakini kwa anayetaka kulala, maoni yetu ni kwamba chumba cha ndani kilichoko katikati ya meli, chini, mbali na dansi na jiko, ndicho chumba bora kuliko vyote kwa bei yake. Kabla ya kulipa, omba ramani ya sitaha, utazame kilichoko juu ya kichwa chako.

Tumesahau kumtaja mtu mmoja. Mhudumu aliyetandika vitanda vyetu alikuwa kijana wa Kilifi, Kenya, na siku aliposikia Mama anazungumza Kiswahili kwenye ujia aliweka chini mashuka yote na kusema shikamoo. Tangu hapo alimwita mama, naye akaitwa mwanangu. Alikuwa na vyumba 18 vya kusafisha mara mbili kwa siku, na alikuwa katika mwezi wa saba wa mkataba wa miezi tisa, bila siku nzima ya mapumziko tangu aanze. Alilala chini zaidi yetu, chini ya mstari wa maji, na mwenzake Mfilipino, katika vitanda vya ghorofa. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, unaruhusu katika meli za abiria chumba cha mabaharia wawili kiwe na mita za mraba 7.5, yaani nusu ya kile chetu tulichokiona kidogo. Unamhakikishia pia angalau saa kumi za mapumziko katika kila saa 24. Tulimuuliza kama huzipata. Alisema siku za bandarini hapana, siku za baharini ndiyo, na kwamba analipa ada ya wadogo zake wawili shuleni, na kwamba anataka mkataba mwingine.

Siku ya mwisho palikuwa na mstari mrefu mapokezini. Tuliambiwa ni abiria wanaoomba ile ada ya huduma ya euro 12 kwa siku ifutwe katika hesabu zao, kwani kanuni ya meli hiyo iliruhusu kuiondoa. Wengi wao walikuwa wa vyumba vya roshani, kama tunavyoweza kuhukumu kwa rangi ya kadi. Kwetu sisi wanne ada hiyo ilifika euro 336, nasi hatukujipanga mstarini.

Mama alikuwa na mpango wake. Katika begi alibeba kilo mbili za dagaa wa Kigoma, waliokaushwa na kufungwa vizuri, zawadi ya binti yake. Jioni ile aliufungua mfuko na kuugawa katikati, nusu akampa yule kijana wa Kilifi. Wafanyakazi hawaruhusiwi kupika vyumbani, lakini inaonekana mpishi wa bwalo lao ana huruma, kwa kuwa asubuhi kijana alituletea habari kwamba dagaa wale waliliwa na watu saba, na kwamba yule Mfilipino, ambaye kwao nao hula samaki wakavu, aliomba aandikiwe jina la samaki hao kwenye karatasi ili awatafute.

Binti alitupokea Civitavecchia. Alipomaliza kumkumbatia mama yake na kumtazama usoni kwa jicho la kiuguzi, alipokea mfuko, akaupima mkononi, akauliza mbona mwepesi.

"Nusu wamebaki chini melini," Mama alimwambia, "kwa mtoto wa watu. Yeye naye hulala chumba kisicho na dirisha."